Gonjwa likiingia kijijini, chuo kikuu kinakuwa wapi? Maswali yenu na majibu

Toleo lililopita tuligusia kidogo kazi ya ugani ya vyuo vikuu, yaani ile kazi ya kuchukua elimu ya darasani na maabara na kuipeleka kwa watu shambani, jikoni na zizini, na tukawauliza wasomaji kazi hiyo inasaidia nini pale ugonjwa unapolipuka. Meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua hizi, majina nimeyaacha nimebakiza sehemu tu.

*

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Chemba, Dodoma. Mwaka 2016 huku kwetu watu waliugua sana, macho yanakuwa ya njano tumbo linajaa, wengine wakafariki, tukaambiwa ni mahindi. Wataalamu walikuja wakafundisha ila mi nilikuwa nimetoka kujifungua sikwenda mkutanoni. Naomba uniambie nikiivisha ugali vizuri sumu si inakufa? Na nitajuaje mahindi yangu yako salama maana huku maabara hamna.

Mama yangu, poleni sana na yaliyowapata, na ahsante kwa kuuliza maana hili swali ni la watu wengi ila wanaona aibu.

Naanza na jibu gumu. Hapana, sumu haifi kwa moto. Hiyo ni sumukuvu, inatengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga, na hata ukiua kuvu mwenyewe kwa moto sumu aliyokwisha kuiacha inabaki palepale. Ugali uive vipi, uji uchemke vipi, inabaki. Na haina harufu wala ladha ya kukushtua. Mwaka ule wa 2016 pale kwenu Chemba, Kondoa na Kiteto waliougua waliohesabiwa ni 68 na 20 kati yao walifariki, na wengi walikuwa wanakula mahindi waliyolima wenyewe, hawakununua kwa mtu. Wenzetu Kenya yaliwakuta mabaya zaidi mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, waliugua watu 317 wakafa 125, na wao pia ni mahindi ya nyumbani.

Sasa hapa ndo chuo kikuu kinaingia, na naomba unielewe vizuri. Kabla ya 2016 tayari kulikuwa na watafiti wa Kitanzania wanaohangaika na sumukuvu kwa miaka, mmoja ni Profesa Martin Kimanya wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alikuwa anaangalia sumu za kuvu kwenye chakula cha watoto na jinsi wanavyodumaa. Hivo mlipuko ulipotokea hatukuanza sifuri, walikuwepo watu wanaojua pa kutafuta. Kilichokosekana ni hiyo elimu kufika kwenye ghala lako wewe mama wa Chemba KABLA watu hawajafa. Hicho ndo kinachoniuma.

Haya, mahindi yako. Maabara huna ila chupa na chumvi unavyo. Chukua chupa yenye kifuniko, iwe kavu kabisa, weka mahindi mpaka robo ya chupa, weka chumvi kavu kijiko kikubwa kimoja au viwili (chumvi yenyewe ianike kwanza au ikaushe kwenye kikaango), funga, tikisa kwa dakika kadhaa afu acha itulie kama robo saa. Ukiona chumvi imenata kwenye kuta za chupa basi mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikidondoka yote chini ujue unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Watu wengi wanaishia hapo, mi nakushauri usiishie hapo, anika tena siku moja mbili za jua kali hasa kama unataka kuweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana ile inataka kama asilimia 13 hivi, ukifungia mahindi mabichi mle ndani umejitafutia balaa.

Na chupa inapima ukavu tu, haipimi sumu! Mahindi yanaweza kuwa makavu kabisa na sumu ilishaingia tangu shambani, hasa mwaka wa ukame, mmea ukichoka na wadudu wakatoboa punje kuvu anaingia humo. Kwaiyo kazi ya kuchambua haina mbadala. Kaa na watoto wakubwa mchambue punje zote zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa. Mnapopukuchua msipige mahindi na fimbo kwenye gunia mpaka yapasuke, maana punje iliyopasuka ndo mlango. Mnapoanika msianike chini kwenye udongo, tafuta turubai au tengeneza kichanja.

Zile punje mlizochambua usimpe kuku wala ng'ombe. Najua inauma kutupa chakula. Lakini ng'ombe akila sumukuvu inatokea kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa huyohuyo mtoto uliyemkinga na ugali. Zichome au zifukie mbali.

Mumeo au jirani akikwambia dona ni bora kuliko sembe, anasema kweli kama mahindi ni masafi. Ila sumu hupenda kukaa kwenye ganda na kiini, ndo maana kukoboa kunaipunguza na ndo maana pumba inakuwa na sumu zaidi ya unga wake. Mahindi yaliyoota kuvu usiyale kwa namna yoyote iwe dona iwe sembe, ila kama kuvu huioni lakini huna uhakika sana na ni hayohayo yamebaki, koboa.

La mwisho ni uji wa mtoto. Ule wa lishe wengi tunachanganya mahindi na karanga, yaani tunachukua mazao mawili yanayopendwa sana na kuvu tunamwekea mtu wa miezi saba. Pale Kongwa, watafiti wa Nelson Mandela wakishirikiana na chuo cha Cornell cha Marekani walifanya utafiti mkubwa kupitia kliniki za watoto, wakagawa unga wa uji uliochunguzwa uwe na sumukuvu kidogo sana ili waone ukuaji wa watoto unakuwaje. Huo ndo ugani ninaoupenda, umekwenda mpaka kwenye sufuria ya mama. Wewe kwa sasa karanga zichambue moja moja kabla ya kusaga, na jaribu kuchanganya uwele au mtama, hatari yake kwa kawaida ni ndogo kuliko mahindi na karanga ingawa haijaisha kabisa.

Na ukiona mtu wa nyumbani macho yamekuwa njano, anatapika, tumbo linavimba, usisubiri kesho. Nenda naye kituo cha afya na ubebe unga mnaokula kidogo kwenye mfuko ukawaonyeshe.

*

Mambo vipi, mi mwanafunzi Morogoro. Hivi bwana shamba na bwana mifugo wanahusika vipi na mlipuko wa magonjwa ya binadamu? Si kazi ya madaktari hiyo, naona mnachanganya mambo.

Poa mdogo wangu. Hatuchanganyi, magonjwa yenyewe ndo yanachanganya.

Chukua Homa ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 2006 mvua zilikuwa kubwa Afrika Mashariki, mbu wakazaliana kwa wingi, na kitu cha kwanza kuonekana kijijini ilikuwa mbuzi, kondoo na ng'ombe wanatupa mimba, zizi zima kwa wakati mmoja. Binadamu walifuata baadaye, yule aliyechinja, aliyemsaidia ng'ombe kuzaa, aliyekunywa maziwa mabichi. Tanzania pekee mwaka 2007 walirekodiwa wagonjwa 309 na 144 wakafa, karibu nusu, na Dodoma ndo iliumia zaidi. Sasa niambie, nani alikuwa na nafasi ya kujua mapema, daktari wa wilaya anayesubiri mgonjwa afike wodini au bwana mifugo aliyeitwa kuangalia mbuzi waliotupa mimba?

Chuo hapo hapo kwenu, Sokoine, ndo kinafundisha madaktari wa mifugo, na ndo yalipo makao ya kituo cha SACIDS cha magonjwa ya kuambukiza kinachounganisha watu wa afya ya binadamu na wa wanyama. Wao ndo wako nyuma ya AfyaData, programu ya simu ambayo mtu wa kawaida aliyefundishwa kijijini anaripoti akiona dalili, mnyama au binadamu, na taarifa inafika kwa maofisa bila kusubiri karatasi ya mwisho wa mwezi. Wamewahi kuitumia mpaka Ngorongoro kwa wafugaji. Mtu anayesema ugani ni mbolea na mbegu tu namwomba aende akaone.

Na wewe ukienda likizo nyumbani ukakuta mimba za mbuzi zimetupwa usizishike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

*

Jambo sana ndugu. Mimi ni mwana Bukavu, sasa tuko Lansing, Michigan, na bibi yangu na batoto wane. Huku kuko ofisi moja ya chuo kikuu, wanaandika MSU Extension. Mutu mumoja wa kanisa aliniambia eti wanafundisha kupika na kulima. Mimi siko mukulima tena, niko nafanya kazi ya usiku kwenye fabriki. Hiyo ofisi inaweza kutusaidia nini, zaidi sana kama kunatokea ugonjwa kama ile Covid?

Jambo ndugu yangu, karibu sana, na salamu kwa mama na watoto. Nenda. Nenda hata kesho, siyo ya wakulima peke yao.

Ngoja nikueleze hiyo ofisi imetoka wapi maana ukijua hutaogopa kuingia. Marekani mwaka 1862 walitunga sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida, na hicho cha kwenu Michigan State kilikuwa kimeshaanza tangu 1855, kilikuwa kama mfano. Baadaye mwaka 1914 ikaja sheria nyingine, Smith-Lever, ikasema haitoshi watu kuja chuoni, chuo kiende kwa watu. Serikali kuu, jimbo na kaunti wakachangia pesa, na mpaka leo karibu kila kaunti ina ofisi ya chuo. Miaka minne tu baada ya sheria hiyo ikaingia ile homa kubwa ya mafua ya 1918, na wale akinamama wa ugani waliokuwa wanafundisha kuhifadhi chakula kwenye mitungi wakaingia kwenye majiko ya dharura kupika supu na kuhudumia familia zilizolala zote. Hakuna aliyewaandikia mradi. Walikuwa tayari wanajulikana kwa majina, wanajua nyumba ipi ina wajane na ipi ina watoto wadogo.

Ila mfano unaokuhusu wewe zaidi uko karibu na hapo ulipo, ni mji wa Flint. Aprili 2014 walibadilisha chanzo cha maji ya mji, wakaanza kutumia maji ya mto Flint bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu, na risasi, ile madini, ikaanza kutoka kwenye mabomba kuingia kwenye maji ya kunywa. Watu walilalamika maji yananuka yana rangi wakaambiwa yako sawa. Ilibidi mpaka daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, aonyeshe kwa takwimu mwaka 2015 kwamba risasi kwenye damu za watoto imepanda, na watafiti wa Virginia Tech wakapima maji waliyochota wananchi wenyewe majumbani. Oktoba 2015 wakarudishiwa maji ya Detroit, na Januari 2016 ikatangazwa hali ya dharura.

Watu wa ugani wa Michigan State hawakuwa madaktari wala mafundi bomba. Walichokuwa nacho ni walimu wa lishe waliokuwa tayari pale kwenye kaunti. Na kuna jambo moja la kisayansi ambalo lina faida kubwa kwa mama maskini: mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi unafyonza risasi zaidi. Basi wakafundisha mapishi, maharage, mboga za majani, maziwa, matunda yenye vitamini C kama machungwa ili chuma kifyonzwe vizuri, watoto wasikae na njaa. Wakaeleza na habari za chujio, na kwamba kuchemsha maji hakutoi risasi, kunaiongeza tu makali maana maji yanapungua, risasi yenyewe inabaki. (Msomaji wa Chemba umeona, hata huko moto hausaidii.) Ni kazi ndogo ndogo, haitokei kwenye habari, na haikufuta madhara waliyoyapata wale watoto. Lakini mama alipata kitu cha kufanya leo jioni jikoni kwake wakati wakubwa wanalaumiana.

Korona ilipokuja ni hivohivo. Mwaka 2021 ofisi za ugani za vyuo nchi nzima zilipewa pesa na serikali, mpango ukaitwa EXCITE, ili waeleze watu habari za chanjo, hasa vijijini na kwa jamii ambazo hazifikiwi. Walitumia masoko ya wakulima, makanisa, maonyesho ya kaunti. Wazo lake ni kwamba mtu aliyekusaidia nyanya zako mwaka juzi ukimsikia anaongea habari ya chanjo angalau utakaa umsikilize, kukubali au kukataa ni juu yako.

Sasa wewe na mkeo fanyeni hivi. Ingieni hapo muulize madarasa ya lishe ya familia, mengi ni bure au bei ndogo sana, na muulize kama kuna mkalimani wa Kiswahili, msione haya kuuliza. Afu jambo moja la haraka: kama nyumba mliyopanga imejengwa kabla ya 1978 rangi yake ya zamani inaweza kuwa na risasi, watoto wadogo wanaokota vipande vinavyobanduka na kuweka mdomoni. Ombeni kliniki iwapime watoto damu. Familia nyingi za wakimbizi zinapewa nyumba za zamani na hamna anayewaambia hili.

*

Mwalimu mstaafu, Mbeya. Kwa nini sisi wagani wetu hawapo chini ya vyuo kama Marekani? Wako halmashauri na wengine hawana hata pikipiki.

Shikamoo mwalimu. Ni kweli, kwetu afisa ugani ni mwajiriwa wa halmashauri, chuo kinamfundisha kinamkabidhi cheti kinaagana naye. Kenya nako tangu 2013 ugani uko kwa kaunti. Sisemi tunakili Marekani, wao wenyewe ofisi nyingi zimepunguziwa bajeti, na hata hivyo mgani aliye chini ya halmashauri ana faida yake, anakaa kwenye vikao vya kata, anaweza kuongea na mganga mfawidhi na mtendaji siku hiyohiyo. Tatizo langu ni kwamba uzi kati yake na chuo umekatika. Akiona mahindi yana rangi asiyoijua anampigia nani? Kama angekuwa na namba ya mtu mmoja pale SUA (yaani Sokoine) au Nelson Mandela au chuo cha Egerton kule Kenya anayepokea simu, na mtu huyo analipwa kupokea simu hiyo, tungeokoa maisha. Haihitaji sheria ya bunge hiyo. Pikipiki nayo inahitajika, hapo naungana na wewe kabisa.

*

Habari yako. Mimi ni mzee kutoka Kitui. Vijana wa chuo fulani walikuja hapa na tableti, wakauliza maswali mengi, wakatoa damu, wakachukua mahindi kidogo kwa kila nyumba, wakapeana sabuni na wakaenda. Hatujawahi kuambiwa walipata nini. Wakirudi tuwakubalie?

Shikamoo mzee wangu. Hili limenikasirisha na nimelipata kwa watu wengine pia, wa Tanzania na Uganda, siyo kwenu tu. Kuchukua damu ya mtu na mahindi yake kwenye sehemu ambayo watu 125 walishakufa kwa mahindi, afu usirudi kumwambia ulichokiona, huko si kumhudumia mtu. Mlipuko ukirudi kesho mtu huyo atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Lakini sikushauri mfunge mlango moja kwa moja, maana mnaoumia mtakuwa nyinyi. Wakirudi muwakaribishe na mkae nao chini pamoja na chifu na mzee wa kijiji kabla hawajaingia nyumba yoyote. Muwaambie wawaonyeshe kibali cha utafiti, Kenya kinatolewa na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili ya chuo chao. Wenzetu wa Tanzania utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na COSTECH, tume ya sayansi, kwa vibali. Ile karatasi ya ridhaa mnayotia sahihi au dole gumba lazima iwe na jina la mtafiti mkuu na namba ya kamati, nakala moja ibaki kwenu, msikubali waondoke nayo. Muulize siku gani mtapewa majibu na kwa njia gani, mkutano wa baraza ama meseji, na iandikwe. Na kama wamepima mahindi ya nyumba fulani wakakuta yamezidi kiwango, ambacho Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, nyumba hiyo iambiwe wiki hiyohiyo, isingoje ripoti.

Jambo lingine mzee. Ukiona wamechota kikombe kimoja juu ya gunia moja wakasema wamepima ghala lako, usitulie sana. Sumu haikai sawasawa, punje moja inaweza kuwa imejaa na jirani yake haina kitu. Inatakiwa wachukue kidogo kidogo sehemu nyingi, juu, katikati na chini, magunia tofauti, wasage pamoja ndipo wapime.

Kwa wale wa mwanzo, andikeni barua kwa chuo chenyewe kupitia chifu au mwakilishi wa wadi, mtaje mwezi waliokuja na kijiji. Vyuo vinaogopa barua za namna hiyo kuliko mnavyofikiri.

*

Jambo. Niko Butembo, Kongo. Wakati wa Ebola watu walikataa baekipe (zile timu za kupambana na ugonjwa), wengine wakatupa mawe. Leo munasema chuo kikuu kinaweza kusaidia. Watu hawaamini mutu wa diplome.

Jambo ndugu, na poleni na yote. Sitabishana na wewe maana wewe ulikuwepo. Mlipuko ule ulitangazwa Agosti 2018 ukaisha Juni 2020, wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Na pale kwenu Butembo, Aprili 2019, daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu. Kwa hiyo jina la chuo ukutani halikumlinda mtu.

Ninachokiona mimi ni kwamba watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wanauliza swali la maana, kwamba miaka yote tunauawa na makundi ya silaha, watoto wanakufa malaria na surua, hatukuona magari, leo Ebola imeingia magari yamejaa, kuna nini? Na kweli mwaka 2019 huohuo surua iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo, wengi wao watoto, kuliko Ebola yote ile, na dunia haikusema kitu. Ukimjibu mtu mwenye swali hilo kwa kipaza sauti na askari umeshampoteza.

Lakini pia zaidi ya watu 300,000 walikubali chanjo kwenye mlipuko uleule, huku risasi zinalia. Walikubali kwa sababu kuna mtu walimwamini aliyekaa akawaeleza. Mji wenu una Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, na wanafunzi wake wengi ni watoto wa kwenu, wanasema Kinande, bibi zao wanauza sokoni. Hao wakianza leo, hakuna Ebola, wanakuja kwenye kartie, yaani mitaani, kuhusu kuhara kwa watoto, kuhusu muhogo unaougua, kuhusu nguruwe wanaokufa, wanajibu wanachoulizwa na kurudi tena mwezi ujao, basi ugonjwa ukija hawatakuwa ekipe, watakuwa mtoto wa fulani. Wakingoja mpaka ugonjwa uje ndipo watafute maiki, hapo nakubaliana na wewe, wabaki nyumbani tu.

*

Mimi ni mwanafunzi wa ugani mwaka wa tatu, nimepangiwa fildi kijiji kimoja na nasikia kipindupindu kimeingia. Wenzangu wanasema niombe kubadilishiwa. Niende? Na nikienda nifanye nini mimi siyo daktari?

Mdogo wangu kwanza ongea na msimamizi wako chuoni, akujue uko wapi na akubali, usiende kishujaa. Akikubali nenda. Kipindupindu kile cha 2015 kilianzia Dar kikasambaa karibu nchi nzima, na kilichokuwa kinahitajika sana vijijini ilikuwa mtu wa kurudia ujumbe uleule nyumba kwa nyumba bila kuchoka. Wewe utaenda na viatu vya shambani na daftari, watu hawatakukimbia.

Siku ya kwanza kabla ya kufika hata kwa bwana shamba pita kwa mhudumu wa afya wa kijiji na mtendaji, jitambulishe, uliza wao wanasema nini kwa wananchi, na wewe useme hichohicho. Kijiji kikisikia mambo mawili tofauti hakitafuata hata moja. Jua wametegemea maji ya wapi, choo kiko umbali gani na kisima, na kama mboga za sokoni zinamwagiliwa na maji ya mtaro, hilo la mboga ni la taaluma yako kabisa na madaktari huwa hawaliangalii. Wafundishe kuosha mboga kwa maji safi yaliyotibiwa, na kwa kipindi hiki wazipike, kachumbari isubiri.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele usimtibu wewe, apelekwe kituoni haraka, maana kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Ila njiani na wakati mnatafuta usafiri anywe. Pakiti za chumvi chumvi za ORS ndo bora, omba kituo kikupe uende nazo. Zikikosekana kabisa ni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo hata kama anatapika, mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Wewe mwenyewe maji yako yachemshe au uweke dawa, nawa kwa sabuni, usile kwenye misiba na sherehe mpaka hali itulie, na waeleze wenyeji kwa heshima kwa nini hukula ili wasione umewadharau. Ukimaliza fildi ripoti yako ipeleke nakala kwa mtendaji na zahanati, siyo chuoni tu. Ukiweza niandikie na mimi nijue kijiji kinaendeleaje.